"20 Heller 1916, Picha Moja": Kununua Sarafu za Tabora Mnadani

Sarafu zilizogongwa hapa Tabora mwaka 1916, vita vilipokwisha kuwafungia Wajerumani njia ya bahari, leo zinauzwa zaidi kwenye minada ya mtandaoni ya Ulaya na Marekani. Ziko thamani tatu: 5 heller (heller ilikuwa senti ya rupia ya Wajerumani) ya shaba ya njano, 20 heller ya shaba ya njano au nyekundu, na 15 rupia ya dhahabu yenye tembo mbele ya Kilimanjaro. Zote zina herufi T. Muuzaji mvivu huandika thamani na mwaka, akaweka picha moja yenye kiwi cha taa, basi.

Kanuni yetu kwa tangazo la namna hiyo ni moja: kila pengo lijaze kwa jibu baya kuliko yote, kisha panga dau kwa bei ya kitu hicho kibaya. Hajataja madini? Chukulia ni ile ya kawaida. Hajaonyesha upande wa pili? Una mkwaruzo.

Tuanze na 20 heller, maana ndiyo wengi wetu tunaimudu. Za shaba ya njano ziligongwa nyingi kuliko za shaba nyekundu, hivyo nyekundu ni ghali zaidi, na hapo ndipo penye mitego. Shaba ya njano ikikaa miaka mia huwa kahawia, na kwenye picha huwezi kuitofautisha na nyekundu. Mbaya zaidi, ikioshwa kwa limau au siki, zinki ya juu huliwa na asidi na uso hubaki na rangi ya waridi. Mtu ataapa kuwa ni nyekundu. Omba picha ya ukingo na ya sehemu zilizolika, kama ncha za taji; njano hujitokeza hapo kwanza. Muuzaji akiandika "bronzi", yaani shaba iliyochanganywa na bati, ujue hajui anachouza. Si lazima awe mwongo.

Uzito hausaidii sana kwa sarafu hii, kwani vipande vilikatwa kwa haraka na uzito wake hutofautiana sana. Ugongaji pia ni wa ovyo: picha imekaa upande, herufi zimefifia, mistari ya nyufa za muhuri (chuma kinachogonga picha) imekatiza. Hizo si kasoro za kukukimbiza. Ufa wa muhuri huacha mstari ulioinuka juu ya sarafu, ilhali mkwaruzo huchimba. Kwenye picha angalia kivuli kimeangukia upande gani. Cha kuogopa ni vitundu vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa, herufi zenye kingo za mviringo, na mshono unaozunguka ukingo. Hiyo imemiminwa kwenye kalibu, haikugongwa.

Kwa 15 rupia hesabu ni kali zaidi. Sarafu halali ina gramu 7.168 za dhahabu ya 750 (sehemu 750 kati ya 1000 ni dhahabu safi), yaani gramu 5.38 hivi za dhahabu safi. Zidisha kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo. Anayeuza kwa bei aliyoipanga mwenyewe, bila mnada, chini ya hapo hauzi dhahabu, hata picha ikiwa nzuri namna gani. Nakala za shaba zilizopakwa rangi ya dhahabu zipo, na zenye ukubwa uleule huwa nyepesi sana, hivyo picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani humaliza ubishi mwingi. Tazama pia ukingo sehemu ya juu kabisa ya sarafu: nyingi ziliwahi kuchomelewa pete ili zivaliwe shingoni, na alama ya mchomeleo hushusha bei sana. Wajerumani huiita Henkelspur. Ukiikuta kwenye maelezo usiipite.

Maswali yote yatume kupitia ujumbe wa jukwaa lenyewe, si WhatsApp. Kama tangazo halikusema "dhahabu" wala "shaba nyekundu", huna cha kudai ukiletewa kitu kingine. Jibu lake la maandishi ndilo litakalokuwa ushahidi wako. Kwa 15 rupia, asiyejibu swali la uzito, mwache.

Sasa fedha. Tuseme mfuko wako wote ni euro 200, nyumba ya mnada inatoza ada ya mnunuzi asilimia 25, na usafirishaji ni euro 30. VAT ya asilimia 18 hapa nchini huhesabiwa kwa bei pamoja na usafirishaji, basi 200 gawa kwa 1.18 ni 169. Toa 30, inabaki 139. Gawa kwa 1.25: dau lako la mwisho ni 111. Likitokea kutozwa ushuru wa forodha au ada ya wakala, lishuke tena. Wengi huweka 200 kisha hulalamikia TRA.

Dau hilo liweke mara moja, dakika ya mwisho, usipandishe kidogo kidogo. Mnada unaofungwa saa 20:00 ya Berlin ni saa nne usiku kwetu majira ya baridi ya kule, na saa tatu usiku majira ya joto. Na bando lisiishe.

Kifurushi kije kwa njia ya kufuatiliwa na chenye bima. Posta nyingi haziruhusu sarafu kwenye barua ya kawaida, na ikipotea humo hulipwi.

Kikifika, kifungue huku simu ikirekodi. Pima kwa mizani ya gramu 0.01: kwanza kavu, kisha ikining'inia kwa uzi ndani ya kikombe cha maji kilicho juu ya mizani iliyorudishwa sifuri. Gawa uzito mkavu kwa namba ya pili. Shaba nyekundu hutoa karibu 8.9, ya njano karibu 8.5, dhahabu ya 750 hukaribia 15. Sarafu isiguse kikombe, na ondoa mapovu yote yanayoishikilia. Kwa 20 heller ya gramu 11.5, tofauti ya njano na nyekundu ndani ya maji ni gramu 0.06 hivi tu, kwa hiyo mizani ya jikoni haifai. Sonara wa mjini anayo inayofaa.

Namba ikikataa, fungua madai siku hiyohiyo. Muda wa kurudisha kwenye minada mingi ni mfupi, na sarafu uliyoiosha hakuna atakayeipokea.