Nilivyoifuata barabara iliyomezwa na msitu hadi kileleni

Nimefika kileleni, na nalisema kwa fahari, kwa sababu karibu kila niliyemuuliza aliniambia barabara ile ya zamani ya magari haipo tena. Wachache waliokubali kuwa ipo walinipa ushauri mmoja: weka mstari wa njia kwenye ramani ya simu, ufuate. Ushauri huo ndio ulionirudisha chini safari ya kwanza, mikono imechanika, na hadi leo unanikera. Chini ya majani mazito, tena ndani ya korongo, simu inaweza kukuweka makumi ya mita mbali na uliposimama. Barabara yenyewe ni ya upana wa gari moja. Unafuata mstari kwa uaminifu, kumbe barabara imelala juu ya kichwa chako, na wewe unapigana na miiba mahali ambapo gurudumu halijawahi kupita.

Barabara ya mlimani huchongwa. Tingatinga hukata udongo upande wa juu na kuumwaga upande wa chini, ndipo panapatikana pa kupita gari. Majani yanaweza kuficha changarawe yote, lakini ule ukuta wa upande wa juu, utambarare chini yake, kisha poromoko, havifichiki. Ukikwama kichakani, piga hatua chache kuelekea mlimani. Ukigusa ukuta wa udongo na mguu ukazama kwenye mfereji wa zamani, umeipata. Miti nayo inasema: iliyoota barabarani inalingana umri, myembamba na imesongamana, wakati ya pembeni ni minene na imeachana.

Ila ujanja ninaouringia ni wa jioni. Nilikwenda upande wa pili wa bonde, nikakaa nikitazamana na mlima wangu. Mchana ulikuwa kijani kitupu, hakuna cha kushika. Jua lilipoinama na mwanga kuanza kupiga kwa ubavu, kivuli chembamba kikajitokeza, kikakatiza mteremko, kikapinda, kikarudi, kikapinda tena, kama mshono kwenye nguo ya kijani. Nilipiga picha mfululizo hadi giza likaingia. Usiku nilizikuza picha hizo nikachora kila kona kwenye ramani ya karatasi kwa kalamu nyekundu. Karatasi hiyo ilinisaidia kuliko simu, na haikunigharimu kitu.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: lori halipandi wima. Mwinuko wa barabara kama hizi kwa kawaida hauzidi sana mita 10 kwa kila mita 100. Ukianza kushika mizizi ili upande, umeshaiacha. Mwendo huo wa taratibu ndio unaorefusha safari. Kupanda mita 800 kwa mwinuko wa mita 8 kwa kila 100 ni kilomita 10. Kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892 inakadiria saa moja kwa kila kilomita 5 na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Hapo ni saa tatu na dakika ishirini, kwa njia safi. Kwenye vichaka zidisha mara mbili, na ukifika saa uliyojiwekea ya kugeuka, geuka hata kama kilele unakiona.

Kona ndizo zinazopoteza watu. Mara nyingi pale pale pana njia nyingine inayoendelea mbele, tambarare na ya kuvutia, nayo inaishia kwenye shimo la zamani la kuchimba mawe ya ujenzi. Niliziepuka kwa sababu karatasi yangu ilinionyesha mahali pa kupinda.

Palipobomoka ni hadithi nyingine. Karibu kila pengo nililokuta lilikuwa penye kalvati lililoziba, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara: maji yakikosa tundu hupita juu na kuondoka na udongo ule uliomwagwa. Usipite ukingo wa chini, huo ni kifusi. Nilipandia upande uliokatwa, mbali kabisa na nyufa za ardhi. Palipokuwa na nyufa mbichi nilizunguka juu zaidi, nikapoteza muda, na sijuti.

Panga ni la lazima, baada ya kupata ruhusa ya mwenye ardhi. Kata kijiti karibu na ardhi na ukikate bapa. Ukikata mshazari unaacha mkuki, na wakati wa kushuka miguu imechoka, ukiteleza unaangukia juu yake.

Juu kabisa barabara ilifunguka kuwa uwanja mdogo wa kugeuzia magari, na kutoka hapo kilele kilikuwa hatua chache za miamba mitupu. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Kushuka kulikuwa kwepesi: njia ilikuwa wazi, na vitambaa nilivyofunga kwenye kila kona vilionekana kwa mbali. Nilivifungua kimoja kimoja nikavitia mfukoni.