Dhahabu ya Kilwa katika mtaa wa Janelas Verdes

Wiki iliyopita binti wa dada yangu alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa historia, na alipofika kwenye biashara ya miji ya pwani, pale panapotajwa dhahabu, pembe za ndovu, nguo na vyombo vya kaure kutoka China, aliinua kichwa akaniuliza: "Mama mdogo, hiyo dhahabu yote iliyopita Kilwa iko wapi sasa?" Nilimjibu kwamba nyingi iliyeyushwa na kusambaa duniani, lakini ipo sehemu yake ambayo nimeiona kwa macho yangu, ndani ya kabati la kioo, mjini Lisbon. Yeye alirudi kwenye daftari lake. Mimi sikuweza tena kuendelea na kazi niliyokuwa nimeishika.

Ilikuwa siku ya mwisho ya safari yangu ya Ureno, nilikokwenda kwa mikutano. Mikutano ilikuwa imekwisha, ndege yangu ilikuwa ya usiku, na mzee mmoja wa Beira, mji wa pwani ya Msumbiji, alikuwa ameniahidi kunitembeza mji kwa miguu kuanzia asubuhi, kwa sababu aliamini kwamba mtu hawezi kuujua mji akiwa ameketi ndani ya basi. Kiswahili alijifunza ujanani, katika shule ya FRELIMO kule Bagamoyo wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, na hakukisahau. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akavitazama viatu vyangu kwa makini kabla ya kuridhika kwamba vingefaa kwa vilima vya Lisbon na njia zake za mawe madogo meusi na meupe, ambayo huteleza hata siku isiyo na mvua.

Tulianzia kwenye uwanja wa Praça do Comércio, ambao upande mmoja uko wazi kabisa kuelekea mto Tejo. Mto huo ni mpana mno mahali hapo, na kwa sisi tuliozaliwa pwani ni rahisi kuudhania bahari. Kabla ya tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755, hapo ndipo lilipokuwa jumba la wafalme wa Ureno, na papo hapo ilikuwapo Nyumba ya India, ofisi iliyosimamia biashara yao yote ya upande wa Bahari ya Hindi. Tetemeko, mawimbi na moto viliviondoa vyote, pamoja na sehemu kubwa ya hati zake. Nilisimama kwenye ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini nikawaza kwamba mwaka 1503 merikebu za Vasco da Gama zilirudi katika mto huu huu zikiwa na mali ya kwetu.

Mitaa ya katikati ya mji, iliyonyooka kwa sababu ilipangwa upya baada ya tetemeko, tuliipita haraka. Tulisimama kidogo katika uwanja wa São Domingos, ambako Waafrika, wengi wao kutoka Guinea-Bissau, hukutana kuzungumza na kuuza kola, na ambako lipo jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na umati wa watu mjini humo mwezi Aprili 1506. Mzee alinisomea mwaka huo mara mbili, kisha tukateremka tena hadi mtoni na kuufuata kuelekea magharibi.

Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale yako katika mtaa wa Janelas Verdes, mahali pa juu panapotazama bandari. Kitu nilichokifuata nilikuwa nimekwisha kukisoma vitabuni. Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alitia nanga Kilwa akiwa na mizinga na kumlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kumlipa kodi ya dhahabu. Kiasi kinachotajwa ni mithkali 1,500, ambazo kwa uzito wa leo ni zaidi ya kilo sita. Mfalme Manuel aliamuru dhahabu hiyo itengenezwe chombo cha kuwekea Ekaristi, yaani mkate mtakatifu wa ibada yao, ili waumini waione, ambacho Wakatoliki wa kwetu hukiita monstransi, na kazi hiyo inahusishwa na sonara aliyeitwa Gil Vicente. Yote hayo niliyajua. Hata hivyo, nilipokiona chombo chenyewe, miguu ilikuwa mizito kukisogelea.

Ni kidogo kuliko nilivyodhani. Kimo chake ni sentimita 73, kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza akisimama kando yake atakipita. Katikati, kuizunguka sehemu ya kuwekea Ekaristi, wamepiga magoti mitume kumi na wawili, kila mmoja na nywele zake, ndevu zake na mikunjo ya vazi lake lililotiwa rangi ya enameli, na nyuso zao ni ndogo kiasi kwamba nililazimika kuinama hadi pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe, aliyetundikwa kwa namna ambayo chombo kikisogezwa yeye hubembea. Juu zaidi yuko Mungu Baba, chini ya vijinara vyembamba vilivyochongwa kama kazi ya ususi. Kwenye shina zimepangwa tufe zilizoundwa kwa pete, zilizokuwa nembo ya Mfalme Manuel, na kwenye kitako wametandazwa ndege, maua, matunda na hata konokono wa rangi.

Kisha kuna maandishi yanayozunguka ukingo wa kitako hicho. Mzee alivaa miwani yake ya kusomea, akazunguka kabati taratibu huku akinitafsiria: mfalme mtukufu na mwenye nguvu, Dom Manuel, aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikakamilika mwaka 1506. Jina la mji wetu limeandikwa kwa tahajia yao, QILVA, lakini lilisomeka wazi. Nililitazama kwa muda mrefu. Nimekua nikivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, nimecheza kwenye vivuli vya Msikiti Mkuu na kuokota vipande vya kaure ufukweni chini ya jumba la kale la Husuni Kubwa, na katika magofu yote hayo sikuwahi kuona kitu ambacho ningeweza kusema kwa uhakika kwamba ni cha dhahabu ya Kilwa. Sasa kilikuwa mbele yangu, kizuri kupita maelezo, na uzuri wake ndio ulionichoma. Julai 1505 majeshi ya Francisco de Almeida yaliuteka mji wetu, yakaupora na kujenga ngome. Mafundi wa Lisbon walikuwa bado hawajamaliza kuwapaka rangi wale ndege.

Nilimwambia mzee kwamba kitu hiki ni chetu. Nilisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa palikuwa na wageni wengine, lakini nilisema kwa moyo wote.

"Mwanangu," alinijibu, "Kilwa kuna mgodi gani?"

Nilifahamu mara moja alikokuwa akielekea. Dhahabu ilichimbwa na kuchekechwa bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, si mbali na alikozaliwa yeye, na ni wakubwa wa Kilwa waliokuwa wameishika biashara ya Sofala na kuitoza ushuru. "Ninyi mlitutoza sisi, Wareno wakawatoza ninyi," alisema. "Tena ninyi mna magofu ya kuonyesha wageni. Sofala ya zamani imeliwa na bahari, na mawe ya ngome ya Wareno yalibebwa kwenda kujengea kanisa kuu la Beira."

Nilimjibu kwamba mfanyabiashara aliyepeleka nguo na shanga akabadilishana na dhahabu hawezi kuwekwa fungu moja na mtu aliyeelekeza mizinga mjini, na bado naamini hivyo. Mzee alikubali. Akaongeza tu kwamba jina la mfalme lipo kwenye kitako, la Kilwa lipo, na la sonara linajulikana, ila aliyeinama mtoni kuichekecha dhahabu hiyo hakuna anayemtaja. Sikuwa na jibu. Tulibaki hapo hadi mlinzi wa chumba akaanza kututazama.

Mchana uliobaki ulikwenda mbio. Tulipita Alcântara, tukapita chini ya lile daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1966, ambalo magari yakipita juu yake huvuma kama nyuki, tukafika Belém miguu ikiuma. Katika kanisa la Jerónimos, ambalo mfalme aliliachia chombo kile kwa wasia, kaburi la Vasco da Gama liko karibu na mlango, la mawe meupe yaliyonakshiwa merikebu. Watoto wa shule walikuwa wamelizunguka na mwalimu wao akizungumza kwa furaha. Sikukaa.

Tukiwa kwenye ukingo wa mto tukisubiri treni ya kurudi mjini, nilimuuliza kama angeunga mkono kirudishwe. Alisema hapana, kwa sababu mikono iliyokifinyanga ni ya Lisbon na sala zilizosaliwa mbele yake ni za hapa, na kukivunja kuwa dhahabu tena kungekuwa dhambi ya pili. Nilimweleza kwamba sitaki kivunjwe. Ninachotaka ni kisafirishwe, angalau kwa miezi kadhaa, kiwekwe Dar es Salaam katika Makumbusho ya Taifa, ili mwanafunzi anayekariri biashara ya dhahabu aone herufi zile kwa macho yake, kwa kuwa ni nadra sana mchukuaji kuandika mwenyewe, juu ya kitu alichokichukua, kwamba alikitoa wapi. Akauliza kama baada ya Dar es Salaam kingepelekwa Beira. Nikasema ndiyo, na Harare pia.

Nilipomsimulia mjomba wangu wa Kisiwani, ambaye ni mtu wa msikiti, alitaka kwanza kujua kama inafaa kabisa sisi kukidai chombo cha ibada ya wengine, na hilo mimi na mzee hatukuwa tumeligusa. Sasa tukizungumza kwa simu tunalo na hilo pia. Mzee anaona mjomba amemaliza ubishi. Mimi naona bado, na safari ijayo ya simu nitamweleza kwa nini.