Siku niliyowapeleka darasa la sita Mikumi

Naandika hii kwa sababu juzi mzazi mmoja kaniambia, "Mwalimu, nyie nanyi mnapenda sana kutembea kwa hela zetu." Nikanyamaza. Sasa ngoja niwaeleze siku ya safari ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilivyokwenda.

Saa 10 alfajiri alamu inalia nishaamka kitambo, usingizi ulikuwa wa kuhesabu watoto tu, 46, na walimu tuko watatu. Saa 11 nipo shuleni nakagua fomu za ruhusa, dawa za kutapika, maji, mayai ya kuchemsha. Saa 12 kamili basi linatoka Morogoro, watoto wanaimba, mimi naomba Mungu kimoyomoyo.

Saa 1 na nusu hivi, tunakaribia Doma, pancha. Tairi la nyuma. Dereva akashusha spea, nayo haina upepo! Basi la kukodi hilo, tumelipa hela kamili, na jana yake nilimuuliza mwenye basi kwa mdomo wangu kama spea ipo akasema Mwalimu usiwe na wasi. Dereva akapakia tairi kwenye bodaboda akaenda kutafuta upepo, sisi tukakata matawi tukayaweka barabarani mbele na nyuma ya basi, watoto wote nikawashusha nikawapeleka chini ya mti mbali kabisa na lami, maana ile ndiyo njia ya Zambia jamani, malori yakipita hata ardhi inatetemeka na mtoto wa watu akiruka mara moja tu kufuata kofia yake basi umekwisha. Simu nayo hailali. Mzazi yuleyule. Mmefika? Bado. Mbona bado? Pancha. Sasa mwanangu amekula? Kila dakika kumi. Jua linapanda, wawili wanataka kujisaidia, mmoja analia anadhani tunarudi nyumbani.

Nikasema toeni madaftari. Kundi moja lihesabu malori yanayokwenda upande wa Iringa, lingine yanayokuja Moro, nusu saa. Wakanyamaza wote, yaani kimya. Wakapata 37 na 29. Jumla 66, gawa kwa 30, malori mawili na pointi mbili kila dakika. Mtoto mmoja ambaye darasani wastani unampiga chenga kila wiki, kaupata pale, anaandikia kwenye goti. Wakaanza kusoma namba za magari, hili la Zambia, hili la Kongo, na lile limebeba nini madam? Shaba, linaipeleka bandarini Dar. Na yale ya matenki? Mafuta, yanakwenda Tunduma yavuke mpaka. Hapo nimeshafundisha jiografia na wala sijasema neno jiografia. Darasani kipindi ni dakika 40, kengele ikigonga tunafunga Hisabati tunafungua kingine kama vile vitu hivyo havijuani.

Tairi likarudi saa 3 na nusu. Masaa mawili!

Tukafika getini tumechelewa, malipo yalishafanyika, tukaingia. Askari wa hifadhi akawaambia jina Mikumi limetokana na miti ya mikumi, na hifadhi ilianzishwa 1964, watoto wakadakia wenyewe, mwaka wa Muungano! Ukubwa kilomita za mraba 3,230. Tambarare ya Mkata tukaona pundamilia, nyumbu, swala wengi mno, nyati kwa mbali, na milima ya Uluguru kule nyuma, wakaambiwa waichore wakiwa wamejua kaskazini ni wapi. Twiga akasimama karibu na dirisha. Nikawaambia hiyo shingo yote ina pingili saba, sawasawa na yako wewe, wote wakajishika shingo. Tembo anabeba mimba miezi 22. Bwawani viboko wamejaa, wakauliza mbona hawatoki, nikasema ngozi yao inakauka juani, wanatoka usiku kula majani. Simba hatukumwona, kuna walionuna.

Saa ngapi pale sikumbuki, miguu ilishaanza kuvimba na sauti imekatika. Tukasimama kwenye bango la faini za kugonga wanyama, kila mnyama na kiasi chake kwa dola, wakawa wanageuza dola kuwa shilingi. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi kama kilomita 50. Nikawapa swali, dereva akienda spidi 70 anatumia muda gani, na akienda 100? Wakakokotoa, dakika 43 na dakika 30. Ikawa kimya halafu yule wa wastani akauliza, "Madam, kwa hiyo yale malori tuliyohesabu, likikimbia linapata dakika 13 tu, twiga anakufa?" Sikuwa na la kusema. Dereva wetu alikuwa anasikia. Kurudi alienda taratibu njia nzima ile na hakuna aliyemwambia.

Kurudi sasa. Kutapika, kulala, kuhesabu. 46. Kujisaidia, kuhesabu tena. 45, moyo ukasimama, kumbe kalala chini ya siti. Giza likatukuta njiani, wazazi wamejaa getini wengine wamenuna, nikawakabidhi mmoja mmoja kwa jina na sahihi. Wa mwisho alichukuliwa saa 2 na dakika 40 usiku, tulikaa naye kwenye ngazi anapiga mistari ya grafu yake ya malori kwa tochi ya simu yangu, alipoitwa akaniomba nimshikie rula asije akaipoteza.

Nimefika nyumbani, miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi. Kesho kipindi cha kwanza Hisabati. Nimechukua manila nimechora barabara, kilomita 50, lori moja spidi 70, jingine 100, na kati yao nimeacha nafasi ya kumchora twiga, nitamwachia yule mtoto amchore mwenyewe.