Siku moja na koili tatu ufukweni Matema

Saa 10:30 alfajiri

Mvua ya Tukuyu haina adabu, huanza kabla ya jogoo. Begi nimelifunga tangu jana usiku: ditekta ya vyuma ya Equinox 800, koili tatu (zile sahani za mwisho wa fimbo zinazohisi chuma ardhini), kijiko kikubwa chenye matundu cha kuchotea mchanga, pinipointa, yaani kifimbo cha mkononi cha kuonyesha chuma kilipo hasa, na kamba ya katani. Riziki yangu ya kawaida ni kukodisha na kutengeneza ditekta za wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya, ila leo nateremka Ziwa Nyasa. Jamaa mmoja wa Uyole alipoteza pete ya ndoa Jumapili pale Matema. Leo ni Jumatano na mkewe bado hajamaliza kuongea.

Koili zenyewe: ya inchi 6, ya inchi 11 iliyokuja na mashine, na ile kubwa ya inchi 15 kwa 12. Watu wakiziona huuliza swali lilelile, "Hiyo kubwa inazama mita ngapi?" Sijawahi kusikia mtu akiuliza ndogo inafanya kazi gani.

Saa 12 asubuhi

Kosta ya kuelekea Kyela. Mashamba ya chai yanapita, migomba inapita, na kadiri tunavyoteremka ndivyo koti linavyovuliwa. Nashuka Kikusya, napanda Noah, lami mpaka Matema kupitia Ipinda.

Saa 2:15

"Mugonile, mama," namsalimia mwenye nyumba ya wageni.

"Karibu mwanangu. Chai kwanza au pete kwanza?"

Chai kwanza, maana hapo ndipo kazi inapoanzia. Kabla ya kuwasha mashine lazima nijue mtu alikaa wapi, aliingia majini saa ngapi, alijipaka mafuta au la. Maji ya baridi hufanya vidole visinyae kidogo, na mafuta yakiongezeka pete huteleza yenyewe. Mama anakumbuka vizuri: waliogelea, wakatembea kandokando ya maji, halafu wakakaa chini ya mwembe wakichoma samaki mpaka jioni. Kwa hiyo nina sehemu tatu, na kila moja inataka koili yake.

Ruhusa nimeshaomba kwake na kwa mwenyekiti wa kitongoji. Natafuta pete ya juzi tu. Wanaotamani kuchimba vitu vya kale wajue kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayolinda masalia ya kabla ya mwaka 1863, na kuyachimbua bila kibali ni kosa.

Saa 2:50

Jaribio. Nina pete ya dhahabu niliyoifunga kwenye uzi, naifukia shubiri moja na kuipitishia koili zote. Ya inchi 11 inaisikia bila shida. Ile kubwa pia, na nikiongeza kina kidogo inaendelea kuisikia wakati ya 11 imeshaanza kusitasita. Ya inchi 6 inaisikia kwa mbali tu.

Hapa ndipo wengi hufunga mjadala: kubwa imeshinda, lete kubwa. Mimi najiuliza jambo jingine. Pete iliyoanguka Jumapili, kwenye mchanga ambao haujapigwa na dhoruba tangu siku hiyo, itakuwa imezama kiasi gani? Vidole vitatu, labda vinne. Kina hicho koili zote tatu zinakifikia. Kwa hiyo leo kina hakinisumbui. Kinachonisumbua ni upana wa eneo na wingi wa takataka.

Kuna pia mchanga wenyewe. Matema iko chini ya milima ya Livingstone, na baadhi ya mistari ya mchanga hapa ni myeusi kwa chembe za chuma. Koili kubwa hubeba sehemu kubwa ya ardhi kwa mpigo mmoja, kwa hiyo humeza na chuma hicho chote. Mashine ikianza kulialia unalazimika kupunguza usikivu, na ukishaupunguza, ile faida ya kina uliyoilipia imeyeyuka. Nasawazisha mashine na ardhi kwa kupandisha na kushusha koili juu ya mstari mweusi mpaka inyamaze.

Jambo moja limetuponya: maji ya Ziwa Nyasa ni baridi, hayana chumvi. Kule Kigamboni au Bagamoyo mchanga uliolowa maji ya bahari hupitisha umeme, na mashine ya masafa mamoja, inayotuma mawimbi ya aina moja tu, hupiga kelele hata pasipo na kitu. Ndiyo maana baharini watu hununua mashine za masafa mengi au za mapigo, zinazotuma umeme kwa vipindi vifupi vifupi. Hapa hata mashine rahisi ya masafa mamoja inafanya kazi vizuri. Kijana wa Mbeya anayefuata ushauri wa watu wa baharini neno kwa neno anaweza kulipia dawa ya ugonjwa asio nao.

Saa 3:20

Naanza kandokando ya maji na koili kubwa. Eneo ni refu, mchanga ni safi, vyuma vichache. Natandaza kamba sambamba na maji na kutembea taratibu, kila mzungusho ukifunika nusu ya uliotangulia. Koili zangu zote ni za aina ya DD, ambazo nguvu yake hushuka ardhini kama panga lililosimamishwa kwa makali, kutoka mbele ya koili hadi nyuma. Ukienda haraka au ukiruka hatua, unaacha vipande ambavyo panga halikuvigusa.

Zinatoka nati ya injini ya boti, sarafu ya shilingi 500 na risasi za kuzamishia nyavu. Sarafu hiyo ya mwaka 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli, kwa hiyo mashine inaitilia shaka. Risasi ndizo zinazonitesa, kwa sababu namba zake kwenye kioo cha mashine zinaingiliana na za dhahabu. Ufukwe wa wavuvi huchimbi kwa kuchagua. Kila risasi lazima uitoe.

Watoto wananifuata. "Anko, umepata hela?" Nawapa nati.

Saa 4:40

Chini ya mwembe. Vizibo vya bia na soda, karatasi za foili, na misumari iliyobaki kwenye majivu ya mbao walizochomea samaki. Napitisha koili kubwa kwa dakika chache, ili nihakikishe tu: kila hatua ni sauti tatu zilizochanganyika, namba zinarukaruka, mashine haijui iseme nini. Ya inchi 11 ni afadhali, lakini bado inabeba msumari na kizibo kwa pamoja. Na msumari una ubaya wake: ukiwa karibu na pete, huku umeiamuru mashine izime sauti ya chuma, unaweza kuizima na pete pia. Unapita juu ya dhahabu kimya kimya.

Nafunga ya inchi 6. Sasa kila kitu kinaongea peke yake. Kazi ni ya polepole mno; eneo ambalo kubwa ingelimaliza kwa nusu saa linanichukua saa moja na zaidi, na mgongo unalalamika. Pembeni ya jivu napata kelele ya msumari, na upande wake, kama upana wa kiganja, sauti fupi ya mviringo ambayo namba yake haitikisiki kila ninakotokea. Nachota, natikisa kijiko, mchanga unashuka.

Kizibo. Nachota tena palepale, na safari hii ni pete.

Nampigia jamaa wa Uyole. Simu inapokelewa na mkewe, na vigelegele vyake mama anavisikia akiwa jikoni.

Ingekuwa mkufu mwembamba badala ya pete, hadithi ingekuwa ngumu zaidi. Pete ni duara lililofungwa, inajitangaza vizuri. Mkufu mashine huuona kama vipingili vidogovidogo, na koili kubwa huupita bila habari. Kwa mkufu, ndogo tangu hatua ya kwanza.

Saa 7:30 mchana

Wali wa Kyela na mbasa, samaki wa ziwa hili. Simu kutoka Makongolosi: mteja anataka ile ya inchi 15 kwa kilima chenye mawe mengi. "Fundi, nataka inayozama!" Namuuliza punje za dhahabu anazopata zina ukubwa gani. Za mchele, anasema. Basi ya inchi 15 itampitia juu ya punje za mchele huku akijisifu kwa kina, tena mawe yale hayatamwacha azungushe koili pana hivyo. Anabisha. Namwacha abishe, mbasa anapoa.

Saa 9

Mama ananiomba nipite majini, maana wageni wake wengine walilalamikia hereni. Nafunga ya inchi 11. Mashine yenyewe inaruhusiwa kuzama hadi mita 3, lakini hedifoni zilizokuja nayo si za maji, kwa hiyo naishia kiunoni. Koili kubwa majini ni adhabu: maji yanaisukuma, mkono unachoka upesi. Karibu na mdomo wa mto siendi kabisa. Mamba hawajui habari za koili.

Hereni sikupata. Risasi, naam.

Kama una hela ya koili moja tu, baki na hiyo ya inchi 11 au inayokaribiana nayo. Ya pili iwe ndogo. Kubwa nunua mwisho, ukiwa na ufukwe mrefu na safi.

Saa 11 jioni

Kuosha. Natoa kifuniko cha plastiki cha kila koili, kwa sababu mchanga mweusi hujificha katikati na kesho yake mashine inapiga kelele zisizo na mwenyewe.

Makongolosi anapiga tena. Amefikiri, atachukua ndogo. Kesho asubuhi naipandisha basi la Chunya. Kodi yake ni nusu ya ile kubwa, na bado anaomba apunguziwe.