Dakika ya 20

Mombasa, Jumapili jioni

Mtu akikaa kuchorwa, uso anaokuletea mwanzo si wake. Ni ule wa studio ya picha: kidevu juu, midomo imebanwa, macho yamekazwa. Dakika 20 za mwanzo nazihesabu kuwa za vipimo tu. Weka mstari wa macho katikati ya kichwa, pima upana wa taya na mwinamo wa shingo, mdomo uuache. Baadaye mabega hushuka yenyewe, ukope mmoja hulegea kuliko mwenziwe, pembe moja ya mdomo huteremka kidogo. Huyo sasa ndiye aliyekuja kuchorwa.

Na hapo ndipo picha nyingi huharibika, maana mkono una tabia ya kusawazisha. Jicho la kushoto likiwa chini kidogo, mchoraji hulipandisha lilingane na la kulia. Mtu anatoweka palepale, kabaki mwanasesere. Nusu mbili za uso hazifanani, na tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Sehemu nyeupe ya jicho nayo si nyeupe. Ukope wa juu huitia kivuli, kwa hiyo ichanganyie kijivu, kisha ukope ufunike kidogo duara la rangi. Duara likionekana zima, mtu huonekana kashtuka. Kimeta cha mwanga ni nukta moja kwa kila jicho, upande ule dirisha liliko.

Pembe za mdomo usizimalize kwa mstari. Rangi ikingali mbichi, pitisha brashi kavu, laini, mpaka ukingo upotee. Rembrandt, Mholanzi aliyejichora kwa rangi za mafuta takriban mara 40, aliziacha pembe za mdomo na za macho kivulini. Mtazame mara mbili: humkuti na hali ile ile.

Vitabu vya Ulaya husema kaa dirisha la kaskazini. Mombasa tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Aprili hadi Septemba jua liko kaskazini, basi tumia dirisha la kusini. Novemba hadi Februari, geuza. Jua likimpiga usoni atakunja paji, nawe utachora mikunjo ya jua ukidhani ni ya moyo wake. Mng'ao kwenye ngozi nyeusi usiutie nyeupe tupu, utampaka majivu. Tia samawati kidogo, kwa kuwa unachokiona pale ni mbingu ya dirishani.

Mikono nayo inasema. Picha ambayo Rembrandt alijichora mwaka 1669, iliyoko National Gallery ya London, ilipopigwa eksirei ilionyesha kwamba mwanzo mikono ilikuwa wazi, imeshika brashi. Akaifuta, akaifumbata. Ukimchora mzee wa baraza, mwachie tasbihi yake au kikombe cha kahawa, kwani vidole visivyo na kazi hukakamaa. Na uvichore kabla hajainuka kupumzika. Akirudi hatavipanga tena vile vile.