Stika imefunika matundu: Premier yangu ya mtandaoni

Tangazo la dramu za zamani likiandikwa "haina shida yoyote" mi ndo naanza kuuliza maswali. Dramu ya miaka ya 60 isiyo na shida yoyote labda iko makumbusho, hizi zetu zimepiga kwenye bendi za dansi, zikahamia baa, zikaokoka zikaingia kanisani, katikati hapo zimepanda keria za magari mpaka basi, sa itakosaje shida? Shida ipo. Ninachotaka kujua ni ipi na kwa nini hujaisema.

Nilikuwa nazitafuta dramu za Premier muda mrefu. Za Muingereza hizi, zilikuwa zinatengenezwa Leicester, na krome yao bwana ni habari nyingine, unaifuta vumbi na kitambaa inang'aa kama imetoka jana. Bodi zake za zamani, yaani lile duara lenyewe la dramu, ni nyembamba, mbao za matabaka matatu halafu kuna pete za mbao zimegundishwa kwa ndani juu na chini ili bodi isipinde. Ikumbuke hiyo pete, tutarudi kwake.

Muuzaji yuko Dar. Seti ina kiki (ile kubwa ya kupiga kwa mguu), tomu, floo tomu (tomu kubwa inayosimama chini) na snea (ile yenye nyaya kwa chini), simbali, yale masahani ya shaba, hakuna, bei milioni moja na laki mbili. Picha zote kazipiga kwa mbele, beji inaonekana vizuri, kava nyeupe ya lulu imekuwa ya njano kidogo, safi tu. Kwenye kiki pembeni kuna stika kubwa YESU NI BWANA, nikasema amina. Nikaomba picha za ndani na ngozi zikiwa zimefunguliwa, akanitumia moja giza tupu na maneno "ndani iko poa mkuu, haina shida". Tukakubaliana nusu kabla, nusu mzigo ukishapanda basi.

Mzigo ukaja usiku, zaidi ya kilometa 800 hizo, ukaanzia joto la Dar ukamalizikia baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba. Nimeufungulia palepale ofisi ya mizigo stendi ya Nane Nane, simu inarekodi, yule dada wa mizigo ananiangalia kama mwehu. We fanya hivyo hivyo, maana ukishaufikisha nyumbani kila mtu anamsukumia mwenzake, muuzaji anasema basi, basi wanasema muuzaji.

Kwa nje hakuna kilichovunjika. Nimefika nyumbani, nikashika ufunguo, nikaanza kufungua ngozi moja moja. Aisee.

Floo tomu, ukingo wa juu, pale ngozi inapokalia, kipande cha kama urefu wa kidole kilishang'oka zamani, mtu kakijaza puti ile ya magari kisha kapaka rangi nyeusi ndani ili usione. Pete ya chini imeachia nusu nzima, ukiigonga na kucha pale iliposhika inalia tok, ukifika ilipoachia inatoa mlio wa kufa, tak tak, na ukipiga dramu yenyewe ndo unasikia zzzzz ambayo hakuna kutyuni kutakakoiondoa. Nikahamia kwenye kiki, nikaibandua stika taratibu kwa mvuke wa chai. Chini ya YESU NI BWANA kuna matundu mawili makubwa, kuna mtu alitoboa kuweka stendi ya tomu ya kisasa, baadae akaitoa. Sikumlaumu Bwana, nimemlaumu aliyembandika pale.

Kuna kitu watu wanachanganya, uzee na uharibifu. Kava kuwa njano ni uzee. Krome kuwa na vidoa ni uzee, hasa kitu kilichokaa Dar na ile hewa ya chumvi. Ngozi kuchoka, sponji kuoza, nati kukaza kwa kutu, vyote hivyo nimenunua nikijua na sitamdai mtu hata mia. Ila tundu jipya, ukingo uliong'oka na puti juu yake, pete iliyoachia, huo ni uharibifu, na aliyeupaka rangi nyeusi alikuwa anaujua. Mtu anayeficha hawezi kuniambia hakuona.

Nikamtumia picha. Jibu la kwanza, kama nilivyotegemea: "mzigo ulitoka mzima mkuu, labda basi". Hapa ndo ufa, pale pete ilipoachia, unapotoa ushahidi wenyewe. Mbao ikipasuka leo ndani inakuwa nyeupe, safi, na nyuzi zake zimesimama. Ufa wangu ulikuwa mweusi, umejaa vumbi, na kuna gundi ya zamani imekauka rangi ya asali, kuonyesha mtu alishajaribu kuirudisha pete ikamshinda. Basi gani linapasua dramu, linaigundisha, linasubiri gundi ikauke halafu linapaka na rangi kabla ya kufika Makambako? Nilimpigia picha kwa karibu na tochi ikimulika kwa pembeni, maana mwanga wa mbele unaficha kila kitu.

Tiki za bluu, kimya. Baadae: "mi nimeuza kama ilivyo". Nikamrushia skrinshoti ya tangazo lake, haina shida yoyote, herufi kubwa. Unajua ukiandika hivyo hujauza kama ilivyo tena, umeuza kama ulivyoielezea, na sheria yetu ya mauziano ya bidhaa inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo. Pia kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko. Nilimwandikia hayo kwa upole kabisa, bila matusi, kwa sababu skrinshoti zinaenda pande zote mbili.

Alitaka nirudishe seti nzima kwa gharama yangu. Nikakataa. Kurudisha kunamfaa yeye, nauli ya kwenda na kurudi inakula pesa yangu, njiani inaweza kupasuka kweli safari hii, na ikifika anaibandika stika nyingine na kumuuzia mwingine. Mi nilichofanya ni kwenda kwa fundi, nikapata bei ya matengenezo kwa maandishi, nikamtumia hiyo. Namba ya fundi ina nguvu kuliko hasira. Tukavutana akashusha nikapandisha, mwisho akarusha laki mbili na nusu kwenye simu. Haikutosha yote ila imetosha kazi ya mbao. Jina lake simtaji, tumemalizana.

Fundi wangu ni mzee wa Kinyakyusa pale Soweto, anatengeneza vitanda na makabati, dramu hajawahi kuifungua. Nikamwambia, baba, hii ni kama kabati la duara. Akaipokea kwa mikono miwili, akaizungusha, akagonga, akasema "ndaga", asante ya kwao, akaanza. Kwanza akaikwangua gundi ya zamani yote, maana gundi mpya juu ya gundi ya zamani haishiki, akaingiza gundi ya mbao kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akabana na klampu za kutosha akaweka vipande vya mbao chini ya klampu zisiache alama. Ile puti akaichimbua, akachonga kipande cha mbao kikaingia pale kama jino.

Ukingo tulisawazisha kwenye kioo cha meza. Unabandika msasa kwenye kioo, unaigeuza bodi juu chini, unaizungusha taratibu bila kuegemea upande. Kisha unazima taa, unaweka tochi ndani ya bodi ikiwa imelala kwenye kioo kitupu, popote mwanga unapovuja pana bonde. Siku hiyo taa hatukuzima, TANESCO walishatuzimia.

Kuna moja simdai muuzaji, kwa sababu naamini hakuijua. Premier za zamani, mpaka miaka ya mwisho ya 60, bodi zake zilikuwa kubwa kidogo kuliko kipimo cha sasa, ngozi ya kisasa ya inchi ileile inagoma kuingia au inabana hadi haikai. Kuna jamaa kanishauri nipunguze bodi kwa randa. Randa! Dramu imeishi miaka yote hiyo halafu mi ndo niimenye kama muhogo. Nilichukua ngozi ya ndama kwa wachinjaji wa Uyole, nikailoweka, nikaikunja kwenye pete yake wenyewe walivyokuwa wanafanya kabla ngozi za plastiki hazijaingia sokoni mwaka 1957. Inalia vizito, tena vizuri kuliko plastiki kwa nyimbo za polepole, ila mvua ikinyesha inalegea na hapa Mbeya mvua unaijua.

Sasa kuna Ludwig inauzwa Iringa, snea ya aluminiamu yenye krome, aina ya Supraphonic. Krome ya hizo kubabuka vidoa ni kawaida kabisa, aluminiamu haipendani sana na krome, kwa hiyo vidoa havinisumbui. Ninachotaka ni mtu aliye Iringa mjini, ikiwezekana upande wa Ipogolo, aende aifungue ngozi zote mbili, aiweke juu ya kioo na tochi ndani, aangalie kama bodi haijabonyea na kama kuna tundu ambalo halina kazi. Muuzaji anasema haina shida yoyote. Nauli na soda juu yangu, niandikie hapo chini.