4,294,967,297

Jana usiku mpwa wangu kanipigia simu: "Mjomba, 91 ni namba tasa?" Nikamwambia ajaribu 7, maana tasa haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Akakata bila hata kuaga. Yeye akalala, mimi nikabaki namuwaza yule mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la saba, huyuhuyu wa fimbo mkono huu, pipi mkono ule.

Moko, ule mtihani wa majaribio, ilikuwa imepita, shule imelegea. Akaandika ubaoni 3, 5, 17, 257, 65,537. Zidisha zote zilizotangulia, ongeza 2, unapata inayofuata. Zote tano tasa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyefanya hesabu kwa mapenzi yake, aliamini kwamba kila itakayofuata nayo itakuwa tasa. Kisha mwalimu akaandika ya sita, ndefu kama mnavyoiona hapo juu. "Haya, gawanyeni."

Tukajaribu 3, 7, 11, 13. Kila mara baki. Wengine wakaanza kuchorachora. Ndipo akaniita mbele, akanipa chaki, akaandika pembeni 641.

Kwenye 4,294 inaingia mara 6, baki 448. Nikashusha 9, ikawa 4,489. Mara 7 ni 4,487. Baki 2. Mbili tu! Darasa likaguna kama mpira umegonga mwamba. Nikashusha 6, sifuri. Nikashusha 7, sifuri tena. Chaki ishaanza kulowa jasho. Nikashusha 2: 2,672, mara 4, baki 108. Nikashusha 9: 1,089, mara 1, baki 448. Ileile 448 ya mwanzo! Nikageuka kumtazama mwalimu. Yeye anaangalia nje dirishani. Imebaki tarakimu moja. Mara ya kwanza nilishusha 9 ikaacha 2. Sasa iliyokuwa ikinisubiri ni 7. 4,487. Sikuwa na haja ya kuzidisha, jibu lilikuwa palepale juu, kwa mwandiko wangu. Baki sifuri. 6,700,417.

Leonhard Euler, Mswisi, aliliona hilo mwaka 1732, Fermat keshakufa zamani. Hadi leo hakuna aliyepata nyingine tasa katika mfuatano ule baada ya zile tano, wala aliyethibitisha kwamba haipo.

Wenzangu walitoka wakisema funzo ni kutoamini mifano mitano. Sijui. Mimi fundi akinifanyia kazi mbili nzuri, ya tatu nampa pesa yote kabla hajaanza, na naona nitaendelea hivyohivyo. Kilichonikaa ni ile 641. Nilimuuliza kaitoa wapi, akasema kesho. Kesho yake tukapelekwa kufyeka uwanja. Nimekuja kuipata ukubwani: kigawo chochote tasa cha namba ile lazima kiwe 64 zidisha kitu fulani, ongeza 1. Euler mwenyewe ndiye aliyelithibitisha. Ukichuja zilizo tasa unapata 193, 257, 449, 577, halafu 641. Majaribio matano! Sisi na 3 yetu na 7 yetu tungegawanya mpaka shule ifungwe.